Mgeni Gani Aliyechimba Bigo?

Nimewasikia walimu wenzetu wakifundisha kwamba Bigo bya Mugenyi, mahali penye mitaro ya kale kusini mwa mto Katonga nchini Uganda, maana yake ni "Ngome ya Mgeni". Basi, wasema, waliochimba walikuwa wageni. Historia nzima yajengwa juu ya neno moja, tena neno lililofasiriwa vibaya!

Mugenyi ni jina la mtu. Masimulizi ya Wanyoro yamtaja miongoni mwa Wachwezi, naye alimpenda mno ng'ombe wake Bihogo. Pwani kwetu wamo akina Bi Mgeni waliozaliwa na kuzikwa mtaa ule ule. Nani atawadai hati ya kusafiria?

Ardhi nayo yashuhudia. Jumla ya mitaro hiyo yazidi kilomita 10, na mingine imekatwa ndani ya mwamba. Wataalamu walipochimbua mwaka 1957 na 1960 walikuta vigae vya vyungu vilivyonakshiwa kwa kuviringishiwa kamba, pamoja na mifupa ya ng'ombe. Hiyo ni kazi ya wafugaji wenyeji, takriban karne ya 13 hadi ya 16.

Hata hilo neno "ngome" silikubali. Lamfanya mwanafunzi aone mizinga na askari, ilhali mzingo mpana namna ile watosha kuwekea mpaka malisho na mifugo. Lugha yetu ina neno boma, la watu na la ng'ombe pia. Kwa nini tusilitumie?