Utafiti wa Nyegezi ufike mwaloni kabla ya faini

Mnunuzi wa dagaa pale Kirumba Mwaloni anajua mengi kabla ya jua kuchomoza. Anajua mwezi una siku ngapi, mzigo wa Ukerewe umefika au bado, na wanunuzi wa Kongo wako wangapi sokoni. Asichokijua ni kile kinachojulikana upande wa pili wa jiji hilo hilo, Nyegezi, kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI).

Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977 na utafiti wa ziwa uliokuwa ukiendeshwa kutoka Jinja kubaki bila mwenyewe mmoja. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda, hupima wingi wa samaki kwa sauti. Chombo kilichofungwa kwenye meli hutuma mlio majini, mlio ukigonga samaki hurudi, na kinachourudisha zaidi ni bondo, kile kifuko cha hewa tumboni. Ndiyo, bondo lile lile la sangara linalogombewa na wanaopeleka mzigo China. Mfanyabiashara huliweka kwenye mizani. Mtafiti huliskiliza likiwa bado majini.

Ipo pia sensa ya uvuvi, inayofanywa kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 2000. Mwaka huo wavuvi wa ziwa zima, nchi zote tatu, walikuwa takriban 129,000. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wamepita 200,000, katika maji yale yale. Kwa mtu anayetaka kukopa ili anunue mtumbwi, mashine na nyavu, hiyo ni habari ya biashara kuliko tangazo lolote la benki. Lakini ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kujadiliwa kwenye vikao vya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Mkopaji wetu haimfikii.

Utafiti humfikia kwa sura nyingine, sura ya kikosi cha doria. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa moto na watu walitozwa faini. Safu hii haitetei kokoro wala nyavu za macho madogo. Kipimo cha sangara cha sentimita 50 kina sababu: wengi wa samaki walio chini ya hapo hawajazaa hata mara moja. Hata hivyo, mtu aliyeelezwa sababu hiyo kabla hajanunua nyavu anafanya hesabu tofauti na yule anayeipata akiwa amesimama mbele ya moto unaoteketeza mtaji wake.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba sehemu ya takwimu hizi hutoka mwaloni kwenyewe. Watu wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ndio wanaohesabu mitumbwi na kupima mavuno kwenye mialo iliyochaguliwa. Mwalo unatoa namba, kisha haupewi jibu.

Wako watakaosema kwamba habari za namna hii zikitangazwa ovyo zitawapa walanguzi nafasi ya kuchezea bei. Bei huchezewa zaidi na uvumi. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, na aliyeumia kwanza ni mvuvi, ambaye hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa samaki wake ni salama. Leo Nyegezi ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Majibu yake yanapaswa kujulikana Mwanza kama yanavyojulikana kwa wanunuzi wa nje.

Sasa umekuja ufugaji wa vizimba, na wawekezaji wadogo wanachanga vijisenti vyao kuingia humo. Novemba 2022, upande wa Kisumu, samaki wa vizimba walikufa kwa wingi na wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni majini. Kujua ghuba ipi maji yake hupungukiwa hewa, na majira gani, ni kazi ya mtafiti. Kwa mwenye vizimba viwili, elimu hiyo ndiyo bima pekee aliyo nayo, na haifai aipate baada ya samaki kuelea.

Maonyesho ya Nanenane pale Nyamhongolo ni mahali pazuri pa kumwonyesha mtoto samaki ndani ya kioo, lakini mwenye mtumbwi wa Ukara hasafiri kwa ajili hiyo. Afuatwe alipo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe kwenye ofisi ya kila BMU: samaki wamepanda au wameshuka, mitumbwi imeongezeka mingapi, wapi pasiwekwe kizimba. Wauzaji wa nje tayari wanalipa mrabaha serikalini. Sehemu ndogo yake ingelipia karatasi na nauli ya boti.

Na siku za kwenda zinajulikana. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi wa dagaa hazina kazi, na wao hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Mtaalamu akifika mwaloni usiku wa mwezi mpevu atawakuta wote.