Kwa nini sisi tung'olewe tu?

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalotuumiza sisi tunaotibiwa meno katika vituo vya serikali huku wilayani.

Majuzi nilimpeleka mjukuu wangu wa kidato cha pili, gego limemtoboka. Tundu lenyewe dogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Tabibu alilimulika kwa tochi ya simu, akaligonga kidogo, akasema, "Bibi, hili lingezibika, ila vifaa vya kuzibia hatuna. Hapa tunang'oa tu." Mtoto akachomwa ganzi, gego likatoka, na halitaota jingine. Simlaumu tabibu; alichopewa ni sindano na koleo.

Mwenye fedha hupanda basi akaenda mjini, jino likazibwa au likatibiwa mzizi, akarudi na meno yake yote. Asiye nazo huongeza pengo juu ya pengo. Nina majirani hawajafika miaka 50 wanaotafuna upande mmoja, mahindi ya kuchoma wamekwisha kuyaaga, na wakicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Meno ya bandia nayo ni ya kununua.

Linaloniuma zaidi ni kwamba njia ya kuokoa meno bila umeme ilianzia hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono: sehemu iliyooza inakwanguliwa, kisha tundu linajazwa saruji ya meno. Hakuna mashine, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Nchi nyingi zimeichukua njia hiyo. Saruji inayotumika siku hizi, glasi ayonoma, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Iweje basi vituo vyetu viikose?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kuziba jino kunahesabiwa miongoni mwa huduma za msingi, na Bohari ya Dawa ifikishe saruji hiyo kila kituo chenye tabibu wa meno. Nanyi wazazi wenzangu, mkiona doa jeusi kwenye jino la mtoto msingoje limlize usiku. Mpelekeni mapema, na kabla ya kukubali koleo, ulizeni kwanza kama jino hilo linazibika na wapi.

Bibi, msomaji wako,
Morogoro