Mcheza Kwao Apate pa Kuchezea

Tangu klabu ya APR irudi kutoka Pretoria mwezi Juni 2025 ikiwa na nafasi ya tatu ya Basketball Africa League (BAL), gumzo la mpira wa kikapu nchini Rwanda limeganda kwenye swali moja: klabu zetu ziruhusiwe kusajili wageni wangapi? Redioni ni hilo, vijiweni ni hilo, na makala nyingi zilizoletwa kwa ajili ya toleo hili ziligombea hilo hilo. Nyingi nimezirudisha. Waandishi wake wanaujua mchezo na kalamu zao ni nzuri, lakini wanaanzia mwisho. Klabu huajiri mgeni kwa sababu mwenyeji hakutosha, na mwenyeji hakutosha kwa sababu alishika mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15, umri ambao wenzake wa Dakar na Tunis mikono imekwisha kuzoea. Anayetaka wageni wapungue aache kuhesabu pasipoti, ahesabu ringi.

Toleo hili tumelipanga tukiwa Cyanzarwe, wilayani Rubavu, si Kigali, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Kigali ina majibu yake. Ukumbi uliofunguliwa Agosti 2019 kwa watazamaji 10,000, ambao tangu 2022 unaitwa BK Arena, umetimiza kila ulichoahidi. BAL ilizaliwa pale Mei 2021. AfroBasket ya wanaume ikafuata mwaka huo huo, na ya wanawake mwaka 2023, ambapo dada zetu walifika nusu fainali na kumaliza wa nne mbele ya watu wao. Nilishangilia na ningeshangilia tena. Ukumbi ule umewafundisha watoto wa nchi hii kutamani, na hilo si jambo dogo. Ninachouliza ni hiki: mtoto wa Cyanzarwe aliyeitazama nusu fainali ile kwenye simu ya kaka yake, kesho yake asubuhi akacheze wapi?

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na wasomaji wanivumilie nikiikalia kwa muda.

Nchi hii haina ardhi ya kutupa. Sensa ya 2022 ilikuta watu 503 katika kila kilomita moja ya mraba, na Rubavu ni miongoni mwa wilaya zilizosongamana zaidi nje ya Kigali. Huku kwetu, kipande kisicho na nyumba kina viazi, mahindi au maharage, na mwenye kipande hicho anakitegemea kula. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unameza mita za mraba 7,140. Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ukiongeza mita 2 za usalama kila upande unapata mita za mraba 608 tu. Eneo la uwanja mmoja wa soka linabeba viwanja zaidi ya 11 vya kikapu. Rwanda ina sekta 416. Kila sekta ikipewa uwanja mmoja, nchi nzima itakuwa imetoa hekta 25 na kidogo, yaani ardhi ya viwanja 35 hivi vya soka. Huo ndio ukubwa wa jambo tunaloambiwa haliwezekani.

Wapo watakaosema mpira wa wavu unadai ardhi ndogo zaidi, na kwamba Rubavu imekwisha kujijengea jina huko, kwa kuwa mashindano ya kimataifa ya wavu wa ufukweni yalichezwa kando ya Ziwa Kivu mwaka 2019 na 2021. Naipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. Sakafu moja inabeba michezo yote miwili, na nguzo za wavu hung'olewa kwa dakika chache.

Lakini sakafu peke yake haitoshi. Milima hii hunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka, na zege lililoloa halichezeki: mpira haudundi sawasawa, mtoto anateleza, mwalimu anafunga mazoezi. Kwa hiyo ninachokidai ni sakafu yenye paa. Nguzo za chuma, mabati juu, kuta hakuna. Viti visubiri, vyumba vya kubadilishia nguo visubiri, na ubao wa kielektroniki usubiri zaidi. Mawe ya msingi tunayo. Kila mkulima wa huku anachimbua mawe ya volkano shambani mwake na kuyarundika mpakani, na misingi ya nyumba nyingi za Rubavu na za Goma, ng'ambo ya mpaka, imesimama juu ya mawe hayo hayo.

Umbo hilo la paa bila kuta lina sababu nyingine inayotuhusu sisi kuliko mtu yeyote. Tarehe 22 Mei 2021, BAL ya kwanza ikiwa katika wiki yake ya kwanza Kigali, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Wakati klabu zinagombea nafasi za robo fainali, huku ardhi ilikuwa inatetemeka mchana na usiku, nyumba na barabara za Gisenyi zikipasuka, na maelfu ya watu wa Goma wakivuka mpaka na magodoro kichwani. Zamalek wakabeba kombe la BAL tarehe 30. Watu wengi siku zile walilala nje kwa kuogopa kuta. Paa jepesi juu ya nguzo imara halina ukuta wa kumwangukia mtu, na siku ya maafa linahifadhi familia ambazo hazithubutu kurudi ndani. Serikali za mitaa zinazotafuta sababu ya kuliweka jambo hili kwenye bajeti zisitafute mbali.

Kuna pingamizi moja zito, na mwandishi mmoja wa toleo hili amelisimamia vizuri kiasi kwamba makala yake tumeiweka ya kwanza. Anasema: tazameni Sudan Kusini. Nchi iliyopata uhuru 2011, ikiwa bado haina ukumbi wa ndani wa kiwango cha kimataifa, ilicheza Kombe la Dunia 2023, ikafuzu Olimpiki ya Paris 2024 na kuwafunga Puerto Rico 90 kwa 79. Kabla ya hapo, tarehe 20 Julai 2024 jijini London, iliwasukuma Wamarekani hadi sekunde za mwisho, na ilibidi LeBron James mwenyewe afunge ndipo waokoke kwa pointi 101 dhidi ya 100. Kama hao waliweza bila viwanja, anauliza, kelele zetu za ringi ni za nini?

Namjibu kwamba viwanja vilikuwepo, ila vilikuwa vya watu wengine. Wachezaji wale, baadhi yao wakiwa wamezaliwa ukimbizini, walikulia zaidi Australia na Marekani, kwenye sakafu zilizolipiwa na manispaa na shule za huko. Aliyewakusanya, Luol Deng, ndiye ushahidi wangu mkubwa. Alizaliwa Wau, akakimbilia Misri na familia yake, kisha akafika London akiwa mtoto. Aliyempokea si chuo cha mabilionea. Ni kituo cha michezo cha mtaa wa Brixton, ambako kocha Jimmy Rogers na klabu yake ya Topcats walifundisha watoto wa majirani, wenye viatu na wasio na viatu. Kutoka hapo Deng alikwenda Marekani, akafika NBA, akaichezea Uingereza katika Olimpiki ya London 2012, kisha akarudi kulijenga shirikisho la nchi aliyozaliwa. Sudan Kusini ilivuna kilichopandwa Brixton. Nawaheshimu kwa kuvuna, lakini nchi haiwezi kupanga mustakabali wake kwa kutegemea kwamba watoto wake watakimbia vita na kuangukia mtaa wenye kituo kizuri.

Sisi wa mpakani tunalijua hilo bila kuambiwa. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Mwaka 2021 alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa NBA, na mwaka uliofuata akavaa pete ya ubingwa na Golden State. Mikoa hii haijawahi kukosa vipaji. Makala kutoka Goma kuhusu Promo Jeune Basket, ambayo kwa miaka mingi imeunganisha mazoezi na masomo, inaonyesha kinachowezekana watu wakiamua kubaki na watoto. Imeandikwa katika mwaka ambao mji ule ulitwaliwa kwa vita mwezi Januari, na makombora yakavuka mpaka na kuua raia huku Rubavu. Nawaomba wasomaji waisome yote, na wasiisome kama habari ya upande wa pili.

Makala ndefu kuliko zote inahusu Uingereza, na baadhi ya wenzangu waliuliza inamhusu nini mkulima wa viazi. Inamhusu sana. Uingereza ni mahali ambapo kikapu kinapendwa na vijana, hasa wa miji mikubwa na wa familia za wahamiaji, na ni miongoni mwa michezo ya timu inayochezwa zaidi mashuleni. Hata hivyo, miaka miwili baada ya Olimpiki ya nyumbani, mwaka 2014, chombo kinachogawa fedha za michezo ya juu, UK Sport, kiliunyima mchezo huo takribani pauni milioni 7 kwa sababu moja: haukuonyesha dalili ya kuleta medali. Kipimo kilikuwa kilele, na msingi ukaadhibiwa kwa kosa la kilele. Baadaye fedha za wawekezaji wa nje zikaja, nazo zikaenda kileleni. Aprili 2024 wanawake wa London Lions walikuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa kombe la Ulaya, EuroCup. Miezi michache baadaye mwekezaji akayumba na kikosi kile cha mabingwa kikasambaratika. Mwaka huo huo ligi ya wanaume ikanyang'anywa leseni na nyingine ikaanzishwa mahali pake, na mabishano ya nani ana haki ya kuiendesha yakaendelea.

Nawaomba wanaoandika mipango yetu waisome makala hiyo polepole. Nchi tajiri kuliko sisi mara nyingi, yenye kumbi, vyuo na televisheni, iliacha mitaa ishikilie mchezo kwa mapenzi ya walimu wa kujitolea huku fedha zikiruka juu ya vichwa vyao. Walimu wale ndio waliomtoa Deng. Sisi tunaweza kurudia kosa hilo kwa haraka zaidi, kwa sababu juu tumekwisha kufika na chini hatujaanza.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi. Mwandishi wetu wa Nairobi anaeleza namna City Thunder ilivyokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, mwaka 2025. Kutoka Kampala tumepata makala yenye hasira ya haki kuhusu klabu ya City Oilers na ufinyu wa ukumbi wa Lugogo. Kutoka Dar es Salaam, mwandishi anauliza kwa nini Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, hajafuatwa na Mtanzania mwingine. Jibu lake linakubaliana na langu, ingawa amelifikia kwa njia yake. Mjadala wa wageni pia upo, kurasa mbili, kwa wanaouhitaji.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni mazungumzo na mwamuzi wa kike aliyeanza kupiga filimbi kwenye mashindano ya shule za msingi. Anasema jambo ambalo wanaume wa kamati hawalisemi: msichana wa kijijini hutoka shule, huchota maji, huangalia wadogo zake, na giza linapoingia lazima awe nyumbani. Uwanja ulioko Gisenyi mjini kwake haupo. Uwanja ulio karibu na shule, wenye paa na taa, upo. Anadai pia kila uwanja uwe na ringi mbili za watoto, za mita 2.60, badala ya zile za mita 3.05 peke yake, kwa sababu mtoto wa miaka minane anayerusha mpira usiofika hurudi nyumbani akiamini mchezo si wake. Nimeliongeza dai hilo kwenye madai yangu.

Na madai yenyewe ni haya. Kila mkataba wa kuleta mashindano Kigali uwe na kifungu kinachotaja sekta ambazo zitapata sakafu na paa, kwa majina, na tarehe ya kumaliza. Shirikisho letu la kikapu, FERWABA, lihesabu, katika ripoti zake za mwaka, watoto wanaocheza kila wiki kabla ya kuhesabu vikombe. Wilaya ilipe mwalimu mmoja kwa kila uwanja, kwa sababu ringi isiyo na mwalimu hupinda ndani ya mwaka na hakuna anayeinyoosha. Wananchi tutatoa mawe na mikono yetu siku ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya jamii, kama tunavyotoa kwa barabara na madarasa.

Jarida hili nalo lina wajibu wake. Katika toleo lijalo tutachapisha orodha ya sekta zote 12 za Rubavu, na mbele ya kila jina tutaandika kama ipo sakafu, kama lipo paa, na kama yupo mwalimu. Tutaanza na Cyanzarwe, tutarudia kila mwaka, na sekta ambayo haijabadilika itatajwa tena.