Kipawa au Bidii?

Watu wa bara wawaonapo vijana wa Takawiri, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria karibu na Mfangano, wakiongoza mashua katika mawimbi, husema, "Hao wamezaliwa nalo ziwa." Mtoto wa nyoka ni nyoka, wasema, na maneno yakaishia hapo.

Lakini kijana huyo atazamwe tangu mwanzo. Kazi yake ya kwanza mashuani ni kufua maji. Baadaye hupewa kafi, kisha huvuta wavu pamoja na wakubwa. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa, waitwao huko omena, huwasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Hapo ndipo ajifunzapo kungoja kimya na kutambua upepo ugeukapo. Aachiwapo usukani, amekwisha kukesha mara nyingi sana.

Si kwamba kipawa si kitu. Yuko aonyeshwaye jambo mara moja akalishika, na yuko aonyeshwaye mara kumi. Lakini dhoruba haimwulizi mtu alizaliwa na nini. Humwuliza amejifunza nini. Mwepesi aliyedharau mafunzo huzama mbele ya mzito aliyeyashika.

Mkimbiaji Eliud Kipchoge ni shahidi. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris. Nani angekana kipawa chake? Hata hivyo, mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Hakukaa akisifu kipawa chake, wala hakukilaumu. Aligeukia marathoni, akajizoeza upya, akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza mwendo huo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Basi na ajihadhari mzazi amwambiaye mwanawe mzito, "Wewe huna kichwa," akamnyima karo ili ampe nduguye mwepesi. Huenda amemtoa mashuani yule ambaye angeifikisha pwani. Kipawa hakuna ajichaguliaye. Bidii kila mtu aweza kuianza leo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.