Taa ya Bafuni: Swichi Ikae Nje

Huenda bafu la nyumba yako hapo Suna, Migori, ni chumba kidogo chenye giza. Ukitaka kuweka taa, usianze na urembo, anza na usalama. Stima yetu ni ya volti 240, na mwili uliolowa huipitisha kwa urahisi.

Swichi iwekwe nje ya mlango, au iwe ya kuvutwa kwa kamba. Taa iwe na kifuniko kisichoingiza maji. Balbu ya LED ya wati 9 yatosha, kwani mwanga wake hukaribia wa ile ya zamani ya wati 60. Kwenye kioo, mwanga uangukie uso, si kisogo.

Kazi mpe fundi mwenye leseni ya EPRA. Rahisi huvunja upishi, bafuni, huua.