Kasi ya Riwaya ya Kidistopia: Mbinu si Orodha

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha mjini Kitale, wakati riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) ilipokuwa ingali inatahiniwa katika shule za upili, darasa langu lilikuwa na wanafunzi wengi kutoka mtaa wa Tuwan. Siku moja tuliorodhesha mbinu za uandishi: mbinu rejeshi, barua, majazi, kinaya, kila moja na ukurasa wake. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, mbona mwandishi anaturudisha nyuma ilhali tunataka kujua mtoto Uhuru ni wa nani?" Nilimjibu kwamba hilo halitatahiniwa.

Jibu hilo linanisuta hadi leo. Swali lake ndilo lililokuwa somo lenyewe, nami nililizima. Ni maoni yangu kwamba mbinu za lugha na usimulizi ndizo zinazoamua kasi ya riwaya ya kidistopia, yaani riwaya inayosawiri jamii ya kubuniwa ambamo utawala umeharibu utu. Aidha, katika riwaya ya aina hiyo, kasi si pambo la msuko. Ni sehemu ya maudhui.

Mhakiki Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1972, alitofautisha muda wa matukio na muda wa kuyasimulia. Msimulizi anaweza kuruka miaka, kuifupisha kwa sentensi moja, kwenda sambamba na tukio kwa njia ya mazungumzo, au kusimamisha tukio ili aeleze. Tukishika kipimo hiki, tutaona kwamba mbinu rejeshi na barua ni breki, ilhali muhtasari na mruko ni mwendo wa kasi.

Tuitazame Sokomoko, himaya ya Mtemi Nasaba Bora. Wenye nguvu hawangoji. Kitoto Uhuru kinapofariki, Amani na Imani wanatiwa mbaroni upesi, wao waliokilea kwa huruma. Matuko Weye anasema ukweli hadharani katika sherehe za uhuru, naye anaishia korokoroni. Haki, kwa upande wake, inajikokota. Baba wa kitoto hafichuliwi mapema. Tunarejeshwa katika masaibu ya kale ya wahusika, tunasomewa barua, tunangoja. Mwandishi anatungojesha jinsi wanyonge wa Sokomoko wanavyongojeshwa. Katika distopia, mwenye mamlaka ndiye mwenye saa. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule msichana. Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, alikuwa karibu naye kuliko nilivyokuwa mimi.

Mfano wa pili ni Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha kumpeleka angani. Sehemu hii ina kasi: hukumu, hofu, safari. Akishafika Walenisi, mwendo unabadilika. Mazungumzo marefu yanatawala, naye anaelezwa jinsi jamii ya haki inavyoendeshwa. Hata jina lenyewe linampunguza msomaji mwendo, kwani sharti alivunje ndipo asikie "wale ni sisi".

Wapo wanaosema kwamba hapo riwaya imegeuka mahubiri. Nakubaliana nao kwa kiasi. Penye mazungumzo yasiyo na ukinzani, taharuki hufifia, na hilo ni dosari. Hata hivyo, tusisahau kwamba Mkangi mwenyewe aliwahi kutiwa kizuizini katika miaka ya 1980. Kwa mhusika aliyetoka katika nchi ambamo kauli hukatizwa, kusema kwa kirefu bila kukatizwa ni uhuru. Polepole ile inapinga haraka ya hukumu iliyotangulia.

Huenda mwalimu akauliza: muda wa uchambuzi huo uko wapi, na mtihani unadai orodha? Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, siombi orodha ifutwe. Naomba kila mbinu inayotajwa ifuatwe na swali moja: imeharakisha nini, au imechelewesha nini, na kwa faida ya nani? Swali hilo halihitaji kipindi kizima, nalo humsaidia mtahiniwa kueleza umuhimu wa mbinu badala ya kuitaja tu.

Wengi wetu katika chama hiki tutakuwa walimu. Tukitoka vyuoni na orodha pekee, tutawafundisha vijana kuhesabu mbinu katika vitabu vilivyoandikwa ili wautambue udhalimu. Atakayeinua mkono na kuuliza kwa nini hadithi imesimama, tafadhali tusimkatize. Huyo ameanza kusoma.