Fizi: Setilaiti zinapima mvua na ziwa, nani anazipima zenyewe?

Usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mto Kasaba ulifurika na kusomba nyumba za kijiji chenye jina hilo hilo, katika sekta ya Ngandja, teritware ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini. Hesabu za wafu zilitofautiana: kuna waliotaja zaidi ya watu 60, kuna waliotaja zaidi ya 100. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa Tanganyika na mtandao wa simu haufiki, hivyo habari zilitoka kwa shida.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiulizwi mara nyingi, nayo ndiyo inayoamua kama kijiji kingine kitaonywa mapema au la: huko juu milimani, mvua ilinyesha milimita ngapi, na kwa muda gani?

Kwa sehemu kubwa ya Fizi, jibu la swali la namna hiyo hutoka angani. Meteosat, setilaiti za Ulaya, hupiga picha ya Afrika nzima kila baada ya dakika 10 hadi 15. Setilaiti kuu ya mpango wa GPM, iliyorushwa na Marekani na Japani Februari 2014, ina rada ya mvua, na vipimo vyake huunganishwa na vya setilaiti nyingine ili kutoa ramani ya mvua ya kila nusu saa. Ramani ya kwanza hupatikana baada ya saa nne hivi. Mto unaoshuka mlimani hausubiri saa nne.

Hata hivyo, kuchelewa si tatizo pekee. Setilaiti haikingi mvua kwenye ndoo. Inasoma joto la sehemu ya juu ya mawingu, au mawimbi yanayotoka kwenye matone na barafu, kisha hesabu inageuza kipimo hicho kuwa milimita. Wingu refu lenye kilele cha baridi huhesabiwa kuwa na mvua nyingi. Lakini kwenye milima inayoinuka ghafla kutoka ziwani, kama ile ya Fizi kuelekea Itombwe, hewa yenye unyevu husukumwa juu na inaweza kumwaga mvua kubwa kutoka mawingu yasiyo marefu sana. Hapo mara nyingi setilaiti huandika mvua kidogo kuliko iliyonyesha. Tena mraba mmoja wa ramani hiyo una kilomita 10 hivi kila upande: bonde la mto mdogo linaweza kumezwa lote ndani yake, pamoja na mabonde jirani ambayo pengine hayakupata hata tone.

Dawa ya kosa hilo si ngeni. Mizani ya sokoni hujaribiwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Jiwe la setilaiti ya mvua ni kipimamvua, yaani chombo kinachokinga maji ardhini na mtu anayekisoma kila asubuhi bila kuruka siku. Ramani za mwisho za GPM, zinazotoka miezi kadhaa baadaye, husahihishwa kwa vipimo vya namna hiyo vinavyokusanywa na kituo cha GPCC nchini Ujerumani. Vituo vya mvua vya Kongo vilipungua sana tangu uhuru, na leo bonde la Kongo ni mojawapo ya sehemu za dunia zenye vipimamvua vichache zaidi. Pale kisipokuwepo, kosa la setilaiti linabaki lilivyo, au linarekebishwa kwa mvua iliyonyesha mbali.

Kwa upande wa ziwa, hali ni afadhali kidogo. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda mara kadhaa, na mwaka 2024 yalifika kiwango ambacho wazee walikilinganisha na kile cha miaka ya 1960. Baraka, Uvira, Kalemie na Bujumbura ziliona nyumba na barabara zikiingia majini. Baraka iko kwenye ghuba ya Burton, na ufuko wa tambarare hauhitaji mita nyingi: hata nusu mita inaweza kufukuza wakaaji wa mtaa mzima.

Maziwa makubwa hupimwa na setilaiti za rada tangu TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, ikifuatwa na Jason tatu na sasa Sentinel-6. Zinaruka kilomita 1,336 juu na kurudi pale pale kila siku 10 hivi. Rada hutuma mpigo na kupima muda wa kwenda na kurudi. Gawanya sekunde moja mara bilioni 15: kosa la kipande kimoja tu ni sentimita 1 ya maji.

Kwa usahihi wa namna hiyo, kifaa hakiaminiwi kwa neno lake. Miaka ya kwanza ya TOPEX, kipimo chake kiliteleza kwa takribani milimita 1 hadi 1.5 kwa mwaka. Kwa mwenye nyumba wa Baraka hicho si kitu. Kinachomhusu ni namna kosa lilivyojulikana: wanasayansi walilinganisha setilaiti na vipimo vya maji vilivyosimikwa kwenye pwani na bandari. Sentinel-6 iliporushwa Novemba 2020, ilirushwa nyuma ya Jason-3 kwa tofauti ya nusu dakika tu, kwa zaidi ya mwaka mmoja, ili mpya na ya zamani zisome maji yale yale. SWOT, ya Marekani na Ufaransa, ilitumia sehemu ya mwaka 2023 kupita kila siku juu ya njia zile zile kwa kazi ya kujaribu vipimo.

Fedha na uangalifu wote huo huishia mahali ambapo ardhi inaingilia. Mwale wa rada za kawaida hufunika kilomita kadhaa za maji. Katikati ya ziwa hakuna shida, lakini kwenye ghuba iliyobanwa kati ya Baraka na rasi ya Ubwari, nchi kavu inaweza kuingia ndani ya kipimo na kukichafua.

Nguzo yenye alama za sentimita, iliyosimikwa Baraka, ingesaidia pande mbili: ingewapa watafiti jiwe la mizani, na ingewapa wakaaji namba yao wenyewe. Sharti ni moja, na si dogo. Sifuri ya nguzo lazima ifungwe kwenye alama ya kudumu ardhini ambayo kimo chake kimepimwa. Mawimbi yakiiangusha na fundi akaisimika upya kwa kukadiria, vipimo vya kabla na baada haviwezi tena kulinganishwa, na mabishano kuhusu nani amejenga ndani ya mpaka wa ziwa yanarudi mwanzo.

Kazi hiyo ina wenyewe kwenye karatasi. METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, limebeba setilaiti ndani ya jina lake. Kituo cha utafiti wa maji, CRH, kiko Uvira. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika inaunganisha nchi nne. Umoja wa Mataifa nao umeahidi kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani atalindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema.

Ni haki pia kusema kwamba kipimamvua peke yake hakingeiokoa Kasaba. Onyo linahitaji njia ya kufika, na kijiji kisicho na simu kinahitaji redio, filimbi au kengele, na mtu wa zamu usiku. Usalama mdogo unafanya hata safari ya kukagua chombo kuwa ya hatari. Ndiyo maana vyombo vya bei ndogo, vinavyosomwa na mwalimu au muuguzi anayeishi hapo hapo, vina nafasi kubwa ya kudumu kuliko mitambo inayosubiri fundi kutoka Kinshasa. Mwalimu huyo atahitaji daftari, posho ndogo isiyokatika, na mtu upande wa pili anayepokea namba zake kila siku.